Mtoto Si Mtaji

Niliyeirekodi ile klipu ni mimi. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani naandika kama mtu msafi anayewanyooshea wengine kidole.

Ilikuwa likizo ya mwaka wangu wa kwanza hapa chuoni. Mpwa wangu, wakati huo ana miaka sita, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kanga ya mama yake kaifunga kiunoni, anaigiza kondakta wa daladala. Anagonga mlango, anaita abiria, anamgombeza mwanafunzi aliyetoa nauli pungufu, anamwambia bibi asogee, huko nyuma kweupe. Tulivunjika mbavu. Nikatoa simu, nikarekodi kama sekunde arobaini hivi, nikaposti. Kesho yake klipu ilikuwa imeshafika kwenye magrupu ya WhatsApp nisiyoyajua hata kwa jina. Jirani mmoja alimfuata dada yangu, akamwonyesha video ya mwanawe mwenyewe: "Hebu mwone huyu mtoto, yaani kama wa kwako!"

Jina lake silitaji. Kumtaja ni kumrekodi upya.

Wiki iliyofuata muuza simu mmoja wa mjini akatutafuta. Alitaka kondakta mdogo atangaze duka lake, akatoa shilingi laki moja na nusu. Nyumbani kwetu hiyo si hela ya kuchezea. Akaja wa mikate, akaja wa sare za shule. Jumamosi ikageuka siku ya kurekodi. Na mimi, msomi wa familia, nilikuwa ndiye mshika kamera, mwandishi wa mistari na mhesabu wa watazamaji.

Ishara zilikuwepo, sema hatukutaka kuziona. Siku moja aliniuliza, "Shikamoo mjomba. Leo wangapi wamenipenda?" Alimaanisha zile alama za moyo chini ya video. Sisi wakubwa tunajua kwamba mtu anaibonyeza ile alama huku anapiga mswaki. Kwa mtoto wa miaka saba, moyo ni moyo. Akarudia kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Halafu klipu zikaanza kupoa, kama zinavyopoa zote, maana watu wamepata mtoto mwingine wa kucheka naye. Akamuuliza mama yake, "Mama, nimekosea nini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike haya.

Kwenye mijadala yetu ya kafeteria tumezoea kusema umaarufu unawaharibu watoto. Tunatoa mifano ya mastaa wa Marekani, tunatikisa vichwa, tunaendelea na wali maharage. Mimi nasema tumekosea mshtakiwa. Umaarufu unaumiza, ndiyo, lakini kinachomvunja mtoto hasa ni pale watu wa nyumbani wanapoacha kuwa watu wa nyumbani. Mama anakuwa meneja, baba anakuwa mhasibu, mjomba anakuwa mpiga picha. Mtoto anabaki na wafanyakazi wenzake, hana tena wazazi.

Tuanze na aliyesababisha sheria. Jackie Coogan aliigiza na Charlie Chaplin katika filamu ya The Kid, iliyotoka mwaka 1921, akiwa bado mtoto mdogo. Akawa miongoni mwa watoto maarufu kabisa duniani. Fedha alizoingiza zinakadiriwa kuwa kati ya dola milioni 3 na 4 za wakati ule. Alipokuwa mtu mzima akaenda kuulizia chake, akakuta zimeliwa. Mwaka 1938 aliwashtaki mama yake mzazi na baba yake wa kambo, na mwisho wa yote akaambulia kama dola 126,000. Sheria ya California ya siku zile ilihesabu mapato ya mtoto kuwa mali ya wazazi. Kelele za kesi hiyo ndizo zilizozaa sheria ya mwaka 1939 inayoitwa kwa jina lake, ya kumwekea mtoto msanii sehemu ya mapato yake. Tangu ilipofanyiwa marekebisho miaka ya 2000, sehemu hiyo ni asilimia 15.

Sasa njoo kwa Michael Jackson. Wimbo wa kwanza wa Jackson 5 kushika namba moja Marekani ulifika hapo Januari 1970, yeye akiwa na miaka 11, na meneja ni baba yake. Machi 2001 alialikwa kuhutubia jumuiya ya midahalo ya wanafunzi wa Oxford, wanafunzi kama sisi. Mtu aliyekwishauza kila kinachouzika alisimama mbele yao, hotuba yake karibu yote ikawa juu ya utoto alioukosa. Alikiri kwamba baba yake alikuwa hodari wa kazi ya umeneja, ila yeye alichokuwa anakihitaji ni baba.

Na kuna Jennette McCurdy, ambaye wengi wetu tuliokua na chaneli za katuni tunamkumbuka kwenye tamthilia ya iCarly, iliyoonyeshwa kuanzia 2007 hadi 2012. Katika kitabu chake cha mwaka 2022 anaeleza kwamba uigizaji ulikuwa ndoto ya mama yake. Alianza kupelekwa kwenye usaili akiwa na miaka sita. Alipofika 11, mama yake akamfundisha kupunguza chakula ili mwili usikue haraka, aendelee kupata nafasi za watoto. Matokeo yake ni miaka ya kujinyima chakula, kisha kula kupita kiasi na kujitapisha. Mama alifariki mwaka 2013, maradhi hayakufa naye.

Watu watatu, vizazi vitatu, kidonda kimoja. Na si hisia zangu tu. Mwaka 1998 watafiti Rapport na Meleen walichapisha uchunguzi juu ya watu 74 waliokuwa waigizaji wa televisheni au filamu utotoni. Walichokiona ni kwamba hali ya mtu ukubwani ilikwenda pamoja na ubora wa uhusiano wake na wazazi, hasa mama. Na wale ambao wazazi wao ndio waliokuwa mameneja wao waliwaelezea mama zao kuwa hawakuwa na upendo wa kutosha na waliwabana mno. Nilipousoma uchunguzi huo maktaba nilifunga kompyuta nikatoka nje kupunga upepo.

Ushahidi wa upande wa pili nao upo. Natalie Portman aliigiza filamu ya Léon, iliyotoka 1994, akiwa na miaka kumi na kidogo. Umaarufu wake ulikuwa mkubwa na wenye uchafu wake. Mwenyewe amewahi kueleza hadharani jinsi wanaume wazima walivyoanza kumzungumzia kama mwanamke angali mtoto. Lakini kwao shule ilikuwa mbele. Filamu ya Star Wars ya mwaka 1999 ilipozinduliwa, yeye alikuwa anasomea mitihani. Mwaka 2003 akamaliza shahada yake Harvard, na aliisomea saikolojia. Kwa hiyo umaarufu peke yake hautoshi kueleza nani anaanguka na nani anasimama.

Mtoto anaumia vipi hasa? Nitataja mambo matatu niliyoyaona kwenye vitabu na kisha nikayaona sebuleni kwetu.

La kwanza, mapenzi yanageuka ujira. Mtoto wa kawaida anapendwa hata akiwa na kamasi na kisirani. Mtoto staa anajifunza kwamba nyumba inachangamka akifanya vizuri na inanuna akikosea. Wataalamu wameandika juu ya "nafsi ya uongo": mtoto anajenga sura ya kuwaridhisha wakubwa, ile ya kweli anaificha mpaka yeye mwenyewe anasahau alipoiweka. Mpwa wangu akiona mgeni tu, anaanza sauti ya kondakta. Hakuna aliyemwomba.

La pili, anapewa jina kabla hajajijua. Erik Erikson alieleza kwamba ujana ni wakati wa kujiuliza mimi ni nani, na James Marcia akaongeza kwamba wapo wanaofungiwa jibu kabla hawajauliza swali. Mtoto aliyekwishaambiwa na nchi nzima kuwa yeye ni mchekeshaji anapata wapi nafasi ya kuwa mkimya? Macaulay Culkin wa Home Alone, iliyotoka 1990, aliachana na filamu akiwa na miaka 14 hivi, akataka kuishi tu kama watu. Kwetu sisi hiyo inaitwa kuchezea bahati. Mimi naiona kama akili.

La tatu, sifa inalevya. Rockwell na Giles walihoji mastaa 15 wa Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Wanaeleza hatua ambazo mtu maarufu hupitia: anaupenda na kuuchukia umaarufu kwa wakati mmoja, kisha anakuwa kama mraibu wake, kisha anaukubali, kisha anajifunza kuishi nao. Hao walikuwa watu wazima. Fikiria hatua ya uraibu inamkuta mtu ambaye meno ya mbele bado hayajaota upya.

Na wanachuo wenzangu, msijidanganye kwamba haya ni ya wenye kamera. Tujiangalie humu humu. Wapo miongoni mwetu waliokuwa sauti ya kwanza ya kwaya au kaswida wakiwa na miaka minane, watu wakilia machozi. Wapo waliotangazwa nchi nzima kwamba wameongoza mtihani, wakapigwa picha na mkuu wa wilaya, kijiji kikachinja mbuzi. Halafu wamefika hapa wamekuta darasa zima ni vichwa, wakala sapu ya kwanza ya maisha yao, na hawana pa kuisemea maana nyumbani bado wanaitwa "profesa". Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 utaratibu wa kutangaza shule na wanafunzi bora. Wengi walilalamika kwamba tunaua ushindani. Mimi niliwafikiria wale watoto wa kijijini wanaobebeshwa jina la ukoo mzima begani.

Sasa, tiba. Hapa kuna upotoshaji mwingi, maana kwa wengi wetu tiba ya akili ni kuombewa au kufungiwa wodini. Mimi si daktari, ila kwa niliyosoma, na kwa tuliyoyapitia nyumbani, naona mambo manne.

Moja, mgonjwa wa kwanza si mtoto, ni mpangilio wa nyumba. Tiba ya familia inawaweka wote chumba kimoja, inauliza nani anafanya kazi ya nani. Kama mtoto analipa kodi ya nyumba, huyo ndiye baba wa nyumba, hata kama hafikii swichi ya taa. Kabla ya lolote, kila mtu arudishwe kwenye nafasi yake. Kumtibu mtoto peke yake, kisha kumrudisha Jumamosi mbele ya kamera, ni kukausha maji sakafuni huku bomba limefunguliwa.

Mbili, mtoto mdogo hatibiwi kwa maswali ya kipolisi. Ipo tiba kwa njia ya michezo: wanasesere, michoro, mchanga. Uzuri wake kwa mtoto maarufu ni kwamba kwenye kile chumba hakuna anayepiga makofi. Anajenga, anabomoa, anakasirika, na yule mtu mzima yupo tu, hakosoi wala hashangilii. Kwa mtoto aliyezoea hadhira, huo ni msamiati mpya.

Tatu, kwa vijana na watu wazima ipo tiba ya kuchunguza fikra na tabia. Fikra kama "nisipochekesha sipendwi" inatolewa kichwani, inawekwa mezani, inapimwa kama dai lolote: ushahidi uko wapi? Kisha mtu anapewa zoezi, kwa mfano akae na marafiki jioni nzima bila kuigiza, aone kama watamkimbia. Kwa wale ambao hisia zao zimekuwa moto, wanaojiumiza au wanaohangaika na chakula, upo mkondo alioubuni mwanasaikolojia Marsha Linehan, unaofundisha stadi za kutuliza hisia na kuvumilia maumivu bila kujidhuru. Lakini tusitarajie miujiza ya kikao kimoja. McCurdy anaeleza kwamba mtaalamu wake wa kwanza alipogusia kuwa mama yake alimtendea ukatili, aliacha tiba. Alikwenda kwa mwingine baadaye. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunasema. Ila mwana naye ana uchungu wa mzazi, na huo hautoki kwa kuvutwa kwa nguvu.

Nne, aliyepitia amsikilize aliyepitia. Paul Petersen, aliyekuwa staa mtoto wa televisheni ya Marekani, alianzisha mwaka 1990 taasisi ya A Minor Consideration baada ya mwigizaji mwenzake wa utotoni, Rusty Hamer, kujiua. Kazi yake ni kuwashika mkono waliokuwa mastaa watoto na kupigania sheria za kuwalinda. Mtu anayejua maana ya kusahauliwa akiwa na miaka 12 halazimiki kuelezewa.

Najua wapo wanaosema huyu anatuletea mambo ya wazungu wenye pesa. Dada yangu alisema hivyo hivyo, tena kwa ukali. Nilipomwambia tuache kurekodi alinijibu, "Na ada utalipa wewe, msomi? Kwa hilo bumu lako?" Sikuwa na jibu. Bumu langu lenyewe lilikuwa limekwisha. Na sitaki kuigeuza hoja yake kuwa ya mtu mbaya: dada yangu anaamka saa kumi alfajiri kupika vitumbua. Mtu anayempa laki moja na nusu kwa kumwona mwanawe akicheka anamwokoa wiki tatu za moshi.

Lakini hapo hapo ndipo hoja inapokaa. Tunasema mtaji wa masikini ni nguvu zake mwenyewe. Hakuna aliyesema ni sura ya mwanawe. Umaskini unaeleza kwa nini tunafanya, haupunguzi kinachomkuta mtoto. Na ile fedha, tukubali, haikuwa imewekewa mtoto. Hakuna hata shilingi yenye jina lake. Coogan wa mwaka 1938 na mpwa wangu wangeelewana vizuri tu.

Wenzetu wameanza kuamka kwamba jikoni nako ni studio. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2020 kwa watoto wa chini ya miaka 16 wanaotumika kwenye video za mitandaoni: sehemu ya fedha yao inatunzwa, na mtoto mwenyewe anaweza kudai video zake zifutwe. Illinois, Marekani, sheria yake ya kuwawekea watoto wa namna hiyo mapato ilianza kutumika Julai 1, 2024. Sisi tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtambua mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18 na kukataza kumtumikisha kinyonyaji. Msingi upo. Kinachokosekana ni sisi kukubali kuiita kazi kile tunachokiita utani wa Jumamosi. Wanasheria mnaosoma hapa mnatafuta mada za tasnifu kila mwaka. Mada hiyo hapo, haina mwenyewe.

Sisi wengine tunaobaki tufanye nini? Mambo madogo. Usirekodi mtoto wa mtu bila kumuuliza mzazi, na usirekodi wa kwenu bila kumuuliza mwenyewe. Akisema hapana, iwe hapana. Kama kuna hela imepatikana, sehemu yake iingie kwenye akaunti ya mtoto kabla haijapita sokoni. Ukipokea klipu ya mtoto analia au anatukana, iishie kwako. Na kama wewe ndiye uliyekuwa yule mtoto, wa kwaya, wa mtihani, wa jukwaani, ofisi ya ushauri nasaha ya chuo ipo na ni ya bure. Hawatakuomba uimbe.

Kwetu mambo hayajawa mazuri ghafla. Dada yangu alikubali kwenda kwa mshauri nasaha wa hospitali baada ya mwalimu wa darasa kumwita, si baada ya hotuba zangu. Walikwenda mara tatu. Aliniambia kwa mshangao kwamba zile mara mbili za kwanza mshauri aliongea naye yeye zaidi kuliko mtoto. Alirudi kimya. Akaunti tuliifunga. Klipu bado zinazunguka, hizo hatuwezi kuzirudisha, na kila nikiiona ile ya mlango wa jikoni kwenye grupu fulani najua ni mkono wangu.

Likizo iliyopita nilimkuta uani anachora chini kwa kijiti. Nikamuuliza anachora nini. Akasema basi. Nikamuuliza kondakta yuko wapi. Akaniangalia kwanza mikononi, akaona sijashika simu.

"Hakuna kondakta," akasema. "Watu wanapanda wenyewe."